Mbegu za Papai za Jinsia Mbili: Kuzizalisha Mwenyewe, Kuanzia Tumba la Ua Hadi Mche

Ukila papai tamu ukaamua kutunza mbegu zake, mama wa mbegu hizo unamjua, baba humjui. Hapo ndipo hasara ya mashamba mengi ya papai huanzia. Mkulima wa Kikwe au Kahe anapanda miche 500, anaimwagilia miezi mitano, kisha inapochanua anakuta mingi ni midume yenye vishada virefu vya maua yasiyozaa. Udongo hauna kosa, samadi haina kosa. Chavua iliyoingia kwenye ua la mama ilitoka kwa dume la jirani.

Maelezo haya ni ya kumjua baba. Ukishamdhibiti, unaweza kukadiria kabla ya kupanda ni miche mingapi itakuwa ya aina gani.

Jinsia tatu, na hesabu yake

Mpapai una jinsia tatu: dume, jike, na ule ambao ua lake moja lina sehemu zote mbili, tunaouita jinsia mbili. Jike huzaa papai la mviringo lenye uwazi mkubwa ndani. Jinsia mbili huzaa papai refu, lenye nyama nene na uwazi mdogo. Hilo hujipanga vizuri kwenye kreti na kusafiri bila kupondeka sana. Tena mti wa jinsia mbili hujichavusha wenyewe, hivyo hakuna haja ya kutenga nafasi ya dume shambani.

Matokeo ya kuoanisha ni haya, na hayabadiliki kwa mbolea, kwa mwezi wala kwa dawa:

Jike kwa chavua ya dume: nusu majike, nusu madume.
Jike kwa chavua ya jinsia mbili: nusu majike, nusu jinsia mbili, dume hakuna.
Jinsia mbili kwa chavua yake mwenyewe: theluthi mbili jinsia mbili, theluthi moja majike, dume hakuna.
Jinsia mbili kwa chavua ya dume: theluthi kwa theluthi, aina zote tatu.

Mstari wa tatu ndio wa kuushika. Muuzaji anayekuambia pakiti yake ni jinsia mbili tupu, mwogope. Mpapai wa jinsia mbili hubeba nakala moja tu ya kile kipande cha urithi kinachompa jinsia hiyo. Mbegu ikirithi nakala mbili, moja kutoka kila upande, kiinitete chake hufa mapema ndani ya tunda. Ndiyo maana robo hupotea, na katika zinazobaki lazima majike yatokee. Anayetaka jinsia mbili kwa asilimia 100 inabidi aache mbegu kabisa, atumie miche ya maabara ya tishu au ya kubebesha.

Mbegu ya majike matupu nayo haipo. Jike halina chavua, na yeyote atakayelipatia chavua, awe dume au jinsia mbili, atapitisha jinsia yake kwa nusu ya watoto.

Kuna jambo moja huwachanganya wengi. Wakati wa baridi, mpapai dume unaweza kuzaa matunda machache yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Watu husema dume limegeuka. Halijageuka. Mbegu zake hutoa madume mawili kwa kila jike moja, kwa sababu ileile ya nakala mbili kufa. Matunda hayo unaweza kuyala, lakini mbegu zake usizipande.

Kumchagua mzazi

Usichague kwa tunda moja. Chagua mti, na uutazame kwa mwaka mzima kama hali inaruhusu, maana tabia za mti wa jinsia mbili hujulikana kwenye misimu migumu miwili: baridi na joto kali.

Arusha mjini ni mwinuko wa kama mita 1,400. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ikikutana na unyevu na mbolea nyingi ya naitrojeni, stameni (viungo vyenye chavua) za ua la jinsia mbili hugandana na ovari (sehemu ya ua inayokuwa tunda). Papai linalotoka lina mikunjo na mifereji, limebonyea upande mmoja, halina sura ya kupeleka soko la Kilombero wala la Tengeru. Chini kwenye tambarare za Moshi, kuelekea Kahe na mashamba ya miwa ya TPC, shida ni kinyume chake: joto na ukame huifanya ovari ya ua isikue, ua likabaki na chavua tu. Hapo mti unachanua vizuri lakini unaruka urefu wa nusu mita ya shina bila tunda hata moja.

Miti haifanani katika hili. Utaona mmoja una matunda manane yenye mikunjo, na wa jirani yake, udongo uleule na maji yaleyale, una moja au hauna. Huyo wa pili ndiye mzazi. Funga utepe kwenye shina lake mwezi Agosti, urudi kumkagua Februari. Kwa Arusha pima zaidi mikunjo ya baridi. Kwa tambarare za Moshi pima zaidi maruko ya joto.

Vigezo vingine: tunda la kwanza lianze chini, ikiwezekana chini ya mita moja kutoka ardhini, matunda yasibanane hadi kupondana, majani yasiwe na madoa ya njano yenye michirizi wala tunda lisiwe na vimiduara, kwani hizo ni dalili za virusi vya mabaka-duara vinavyoenezwa na vidukari. Virusi hivyo kwa kawaida havipiti kwenye mbegu, lakini mti unaougua huzaa mbegu dhaifu na kuambukiza wengine.

Rangi ya nyama ni rahisi kuipanga. Njano huifunika nyekundu. Mti wenye nyama nyekundu, ukijichavusha, watoto wake wote watakuwa na nyama nyekundu. Wa njano unaweza kuficha nyekundu ndani yake.

Kuhusu Red Lady, ambayo ni chotara ya F1 (kizazi cha kwanza) kutoka Taiwan na inapandwa sana: mbegu ukitoa kwenye tunda lake zitaota, na hesabu ya jinsia itakuwa ileile, lakini kimo, ukubwa na utamu vitatawanyika. Baadhi ya watoto watakuwa wazuri, baadhi hovyo. Kama unaitumia kama mwanzo, jiandae kuchagua na kufunga maua kwa vizazi kadhaa. Aina zilizotulia, kama za ukoo wa Solo, ndizo zinazofaa mtu anayetaka mbegu ya mwaka ujao ifanane na ya mwaka huu. Solo ilifika Hawaii mwaka 1911 kutoka Barbados, na imekuwa ikijichavusha kizazi baada ya kizazi bila kudhoofika. Mpapai hausumbuliwi sana na kuoana wenyewe kwa wenyewe kama mahindi yanavyosumbuliwa.

Kufunga ua

Vifaa: mifuko ya khaki midogo (upana wa sentimita 10 unatosha), uzi wa pamba au pini za nguo, vibandiko vya plastiki na kalamu isiyofutika, kibano chenye ncha nyembamba, wembe mpya, spiriti na pamba, glavu. Mifuko ya nailoni usitumie. Hutoa jasho na ua huoza. Glavu si madoido: utomvu wa mpapai huwasha ngozi na ukiingia jichoni ni taabu.

Kwanza jifunze kusoma tumba. Chukua matumba matatu ya miti tofauti uyapasue kwa wembe kutoka kikonyo hadi ncha. La jike ni nene chini na limechongoka juu. Ndani utakuta ovari ya mviringo, iliyojaa, na hakuna kifuko hata kimoja cha chavua. La jinsia mbili lina kiuno, limejaa chini na limevimba tena juu. Ndani ovari ni nyembamba na ndefu, na juu yake kuna vifuko 10 vya chavua katika safu mbili za tano tano. La dume ni kibomba chembamba, lipo kwenye kishada chenye mkono mrefu, na mahali pa ovari kuna kijiti tu. Ukishapasua matumba kumi hutakosea tena.

Kwa mbegu ya jinsia mbili kazi ni nyepesi, kwa sababu vifuko vya chavua hupasuka kabla ua halijafunguka. Chagua ua la katikati kwenye kila kikonyo, ambalo ndilo kubwa, likiwa limejaa, jeupe kuelekea krimu, na petali bado zimejisokota. Yaondoe matumba madogo ya pembeni yake. Vika mfuko alasiri, kunja mdomo wake mara mbili kuzunguka kikonyo, funga kwa uzi bila kukaza. Ndani ya siku moja au mbili ua litafunguka humo humo na kujichavusha. Mfuko ukae siku 7 hadi 10. Ukiutoa, petali zitakuwa zimekauka na ovari imeanza kunenepa. Bandika alama kwenye kikonyo: namba ya mti, tarehe, na neno "mwenyewe".

Kwanini ujisumbue kama ua linajichavusha lenyewe? Kwa sababu likifunguka, nondo wa jioni na vithiripi (wadudu wadogo sana wa maua) huleta chavua ya nje. Ukiwa na dume moja la jirani upande wa pili wa mfereji, sehemu ya mbegu zako zitakuwa za baba mwingine na hutajua ni zipi.

Jike kwa jinsia mbili ni kazi ya siku mbili. Alasiri ya siku ya kwanza vika mfuko tumba la jike lililo karibu kufunguka, na matumba mawili ya mti wa jinsia mbili uliochagua kuwa baba. Kesho yake, kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, kabla jua halijakausha chavua, chuma tumba la baba, menya petali zake kwa vidole. Vifuko vizuri ni vya njano na vimepasuka. Ukivigusa na ukucha vinaacha unga. Fungua mfuko wa jike. Stigma yake (sehemu ya juu ya ovari inayopokea chavua) ina matawi matano yaliyogawanyika kama pembe ndogo za paa. Paka unga kwenye matawi yote matano, taratibu, hadi uone rangi ya njano imekaa. Tawi lililokosa chavua linaweza kufanya tunda liwe na mbegu upande mmoja tu. Rudisha mfuko, siku 7.

Kuoanisha mti wa jinsia mbili na mwingine wa jinsia mbili wa aina tofauti ndiko kunakoshinda wengi. Lazima uhasi ua la mama kabla vifuko vyake havijapasuka, yaani siku mbili au tatu kabla ya kufunguka, tumba likiwa bado la kijani-jeupe. Chana petali upande mmoja kwa wembe, zifungue, ng'oa vifuko vyote 10 kwa kibano. Vihesabu. Ukiona unga wa njano kwenye kimoja, umechelewa, tupa ua hilo. Utomvu utatoka, uguse kwa pamba usifike kwenye stigma, kwa sababu ukiganda pale chavua haipiti. Futa kibano kwa spiriti kabla ya ua linalofuata. Vika mfuko, kisha paka chavua baada ya siku mbili stigma inapokuwa imefunguka. Tegemea maua mengi kuanguka. Ukipata matunda matatu kwa maua kumi umefanya vizuri.

Kila ukifanya kazi ya jike, acha ua moja la jike likiwa na mfuko bila kupakwa chochote. Hilo ni shahidi wako. Likianguka, au likitoa kitunda kisicho na mbegu, mifuko yako inaziba. Likitoa mbegu, inavuja.

Msimu wa kufunga ni Oktoba hadi Januari. Maua ya Juni na Julai yana stameni zilizogandana na mengi hayafai kwa kazi hii. Maji yasikatike, na usiweke urea kwa wingi. Samadi iliyooza vizuri inatosha wakati huu.

Kuvuna na kuandaa mbegu

Tunda hukomaa kama miezi 5 baada ya uchavushaji kwenye tambarare zenye joto, na hukawia zaidi kadiri unavyopanda mlimani. Liache mtini hadi robo tatu ya ganda iwe njano, kisha likae ndani siku tatu au nne liive kabisa. Mbegu ya papai lililochumwa bichi huwa nyeupe au kahawia, hizo tupa.

Kila mbegu imevikwa kifuko cha utelezi, na utelezi huo huzuia kuota. Weka mbegu kwenye chujio, zisugue kwa mchanga safi hadi vifuko vipasuke, suuza. Au ziloweke kwenye maji kidogo siku mbili au tatu zichachuke, kisha zisugue. Mwisho mimina kwenye ndoo ya maji: zinazoelea ni tupu, zinazozama ndizo mbegu.

Zianike kivulini kwenye ungo au wavu, upepo upite chini, zigeuze kila siku kwa siku 5 hadi 7. Kuzianika juani kwenye bati ni kosa linalorudiwa kila mwaka; mbegu inapashwa moto hadi kiini kinakufa huku ganda likionekana zuri. Zikikauka, zifunge kwenye chupa ya kioo pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa hadi kukauka, uweke kwenye rafu ya chini ya friji. Usiweke kwenye sehemu ya kugandisha. Mbegu ya papai haipendi kukaa miaka. Zipande ndani ya mwaka.

Hesabu ya eka moja: nafasi ya mita 2 kwa 2 inatoa mashimo kama 1,000. Kila shimo miche mitatu, jumla 3,000. Ukikadiria uotaji wa asilimia 70 na miche michache kufa kitaluni, andaa mbegu 5,000. Tunda la kawaida lina mbegu mia kadhaa, hivyo matunda 10 hadi 12 yaliyofungwa vizuri yanatosha. Yatoe kwenye miti minne au mitano, usitegemee mmoja.

Kitalu

Loweka mbegu saa 24, badilisha maji mara moja. Ukitaka ziote kwa pamoja, tumia naitreti ya potasiamu kutoka duka la pembejeo: gramu 100 kwa lita moja ya maji, loweka dakika 15 tu, suuza sana. Panda kwenye viriba, mbegu mbili kwa kina cha sentimita moja, udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja.

Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 zitaota ndani ya wiki mbili au tatu. Kwa Arusha, kusia Juni ni kuzizika: zitakaa zaidi ya mwezi na nyingi kuoza. Sia Januari na Februari upate miche ya masika, au Septemba kama una maji ya mfereji. Kinyausi ndicho muuaji mkubwa hapa. Shina hukatika usawa wa udongo kama limebanwa na uzi. Hutokana na maji mengi na kivuli kizito. Mwagilia asubuhi, siyo jioni, na punguza kivuli mche ukifikisha majani manne.

Hamisha ukiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, umri wa wiki 6 hadi 8.

Kutambua jinsia shambani

Utasikia kwamba mche wenye mzizi mmoja ulionyooka ni dume, kwamba mbegu nyeusi sana ni jike, kwamba ukipigilia msumari kwenye shina dume litazaa. Yote si kweli. Jinsia ilishaamuliwa siku chavua ilipokutana na ovari, na kwa macho haionekani hadi ua litokee. Ni kipimo cha DNA pekee kinachoweza kuisoma kwenye jani changa.

Ndiyo maana tunapanda mitatu kwa shimo, kwa pembetatu yenye umbali wa sentimita 20. Kwa mbegu ya jinsia mbili iliyojichavusha, shimo 1 tu kati ya 27 litakosa mti wa jinsia mbili. Kwa mbegu ya jike na jinsia mbili, ni shimo 1 kati ya 8. Katika mashimo 1,000 tofauti hiyo ni 37 dhidi ya 125, na inatosha kukuonyesha kwa nini kazi ya mfuko kwenye ua la jinsia mbili inalipa zaidi.

Matumba yakitoka, pasua moja kwa kila mti. Jinsia mbili ya kwanza yenye shina nene inabaki. Mingine ikate kwa panga usawa wa ardhi, usiing'oe. Mizizi yake imeshafungamana na ya mwenzake. Roho huuma kukata mti wenye afya wa miezi mitano, na wengi huacha miwili "kwanza tuone". Miwili kwenye shimo moja hunyang'anyana mwanga, inarefuka, na yote inachelewa kuzaa.

Kabla ya kumuuzia jirani

Kwa shamba lako una uhuru. Kuuza mbegu ni suala lingine: Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka muuzaji asajiliwe na mbegu ikaguliwe, na mwenye jukumu hilo ni TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kwa ushauri wa aina na miche mizazi, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru kipo karibu.

Hata kama huuzi, lijaribu kila fungu la mbegu. Kutoka kwa kila mti mama panda miche 30 pembeni, mmoja mmoja, uiache yote ichanue. Kwa mbegu iliyojichavusha tegemea kama 20 jinsia mbili na 10 majike. 17 kwa 13 bado ni sawa, maana idadi ni ndogo. Lakini akitokea dume, hata mmoja, chavua ya nje iliingia. Mbegu za fungu hilo zitoe kwenye friji zote, kisha nenda kaangalie mifuko yako ilifungwaje na dume la karibu lipo wapi.